Pikapu Isiyotaka Kona

Jumapili, 9 Juni

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili, na nakuambia wewe shajara kwa sababu huna mdomo: nikibaki peke yangu nyumbani, huingia ndani ya pikapu ya Mama na kurusha ndege.

Nipo kidato cha tatu. Wenzangu wa umri huu wana wapenzi. Mimi nina abiria mia mbili na rubani msaidizi ambaye ni mkoba wa Mama.

Leo hali ya hewa ilikuwa mbaya sana. Radi. Mawingu mazito. Injini ya kushoto inawaka moto. (Nje, jua kali na kuku wanajikuna.) Ikabidi nitue kwa dharura, na ndege haitui bila magurudumu, kila mtu anajua. Nikatafuta kijiti cha kuyashushia. Pembeni ya gia kubwa kuna kijiti kingine kifupi, ambacho tangu Mama ainunue pikapu hii kina kazi moja tu: kutundikiwa mkoba. Nikauondoa mkoba kwa heshima. Nikavuta. Kikagoma. Nikavuta kwa mikono yote miwili na mguu mmoja juu ya dashibodi. Klaki! Kikaingia.

Tukatua salama. Abiria wakapiga makofi. Nikaurudisha mkoba mahali pake, nikashuka nikijisikia mtu wa maana.

Jioni Mama alikwenda kununua chakula cha kuku. Amerudi uso umekunjamana. Anasema pikapu imekuwa nzito kana kwamba inavuta nyumba, na kila akikata kona inarukaruka na kulia. Akauliza kama kuna mtu aliyeigusa. Ni marufuku kuigusa bila ruhusa yake tangu ile siku ya honi, ambayo sitaiandika hapa.

Nikajitia hamnazo. Nikasema labda ni upepo.

Upepo! Riwaya zote nilizosoma, na hilo ndilo lililonitoka.


Jumatatu, 10 Juni

Balaa. Mama alipeleka mayai hospitali asubuhi, na kila kona ya lami ilikuwa tetemeko la ardhi. Trei za nyuma zilifika zikivuja.

Ni lazima nieleze, maana siku moja mtu atasoma hii. Mama ana banda la kuku nyuma ya nyumba, na mayai karibu yote huenda jikoni mwa hospitali, Jumatatu na Ijumaa. Hiyo zabuni ndiyo ada yangu, ndiyo taa yetu, ndiyo kila kitu. Mtunza stoo wa hospitali ni mzee mwenye kalamu sikioni, hupokea yai kama mkunga anavyopokea mtoto. Hulitikisa karibu na sikio, hulisikiliza, ndipo hulilaza. Leo amemwambia Mama kwa upole (Mama anasema upole ule ulimuuma kuliko matusi) kwamba Ijumaa yakija yamevunjika tena, asihangaike kurudi. Yupo mfugaji mwingine anayesubiri.

Fundi wetu? Gereji imejaa. Aende Jumatatu ijayo.

Tumekula mayai ya kukaanga mchana. Jioni ya kuchemsha.

Miwani amekuja kula nasi. Miwani ni mchumba wa Dada. Anauza simu, na miwani yake ya jua haivui hata akiwa sebuleni na taa imezimika. Gari hana. Magari anayajua yote. Akaizunguka pikapu, akapiga tairi teke, akatangaza kwamba ni springi. Kisha akasema hapana, ni petroli yenye maji. Kisha akasema ni vyote viwili. Dada alikuwa akimtazama kana kwamba ndiye aliyegundua gurudumu. Halafu Miwani akanigeukia akaniuliza, "Profesa, vitabu vyako vinasemaje?"

Wote wakacheka. Hata Mama, kidogo.

Nilitaka kusema kitu kikali sana. Kilinijia baadaye nikiosha vyombo.

Nimeamua. Nitaitengeneza mimi. Kimya kimya, bila kumwambia mtu nilichofanya, na Miwani atavua miwani yake kwa mshangao. Sijui bado nitaitengenezaje. Hilo ni suala la utafiti.


Jumanne, 11 Juni

Maktaba ya shule. Mkutubi aliniuliza kama nimepotea, rafu ya riwaya ipo kule. Nikasema natafuta magari. Akanipa kitabu kisicho na jalada, kurasa za breki zimeliwa na mchwa, na akanionya kuwa hakiazimwi, kinasomewa humo humo.

Nina msimamo wangu kuhusu vitabu. Huanza kwenye dibaji. Kurukaruka kurasa ni utovu wa adabu kwa aliyeandika. Nikasoma dibaji. Nikasoma shukrani (mwandishi anamshukuru mkewe kwa kumvumilia, nikaguswa). Nikaanza sura ya historia ya gurudumu. Kengele ikalia nikiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Niliporudi nyumbani Mama alikuwa bandani. Nikajipenyeza ndani ya pikapu nikakisukuma kijiti kirudi. Hakikutikisika. Nikakivuta, nikakibembeleza, nikakikalia. Nikalala chini kichwa kikiwa kwenye klachi na miguu ikining'inia nje ya mlango. Dada akatokea. Akaniuliza ninafanya nini. Nikasema natafuta kalamu. Akauliza kwani siku hizi naandikia chini ya gia?

Nikasema ndiyo. Mtu akishaanza uongo, mdomo hauna breki.

Mayai ya kuvuruga usiku.


Jumatano, 12 Juni

Nimefika kwenye sura yenyewe! Sasa najua tatizo.

Kile kijiti ni cha fowili. Maana yake, badala ya magurudumu mawili ya nyuma kusukuma gari peke yake, yote manne yanafanya kazi. Kwenye matope ni jambo zuri. Lakini gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Matopeni yanateleza kidogo, mambo yanaisha. Kwenye lami kavu hayatelezi, yanavutana kama ndugu wawili na shuka moja. Gari linaruka, matairi yanalia, na vyuma vya chini vinajinyonga kama taulo linalokamuliwa mpaka vinakibana kijiti na hakitoki tena.

Niliisoma mara mbili kwa furaha. Nilikuwa nimefanya kosa la kisayansi kabisa!

Ukurasa unaofuata ulianza na maneno "Kama kijiti kimegoma..." halafu kengele. Mkutubi akakifunga kitabu huku kidole changu kikiwa ndani.

Basi nikafikiri mwenyewe. Kama ugonjwa ni kona, dawa ni kuondoa kona. Nikachora ramani ya mtaa wetu mpaka dukani kwa chakula cha kuku, nikatafuta njia iliyonyooka kama rula. Nikamwonyesha Mama. Nikamwambia inaokoa petroli. Mama akasema haya, twende, angalau mtoto anajaribu.

Njia ilikuwa nzuri. Hakuna kona hata moja. Pikapu ilitulia kama kitanda. Mama alianza hata kuimba.

Halafu njia ikaisha kwenye ukuta wa kiwanda cha mbao.

Kwenye ramani yangu ule ukuta haukuwepo, kwa sababu kipande kile cha karatasi ndicho nilichokichana nikafutia wino uliomwagika. Mtaa mwembamba, hakuna pa kugeuzia. Mama alirudi rivasi mtaa mzima, shingo imegeuka, jasho linamtiririka, watoto wanatukimbilia wakishangilia, mzee mmoja wa baiskeli akiuliza kwa sauti kubwa nani aliyempa huyu mama leseni. Mama hakuimba tena. Mimi niliushika mkoba ulioning'inia kwenye kijiti, karibu kabisa na goti langu, usije ukanipiga.


Alhamisi, 13 Juni

Nimesoma ukurasa unaofuata. Nanukuu: "Kama kijiti kimegoma, rudi nyuma polepole kwa mstari ulionyooka, vyuma vitajifungua, kisha kirudishe kijiti bila kutumia nguvu."

Rudi nyuma. Kwa mstari ulionyooka.

Nikaukumbuka mtaa wa kiwanda cha mbao, wote, kuanzia ukutani mpaka barabarani. Nikalaza paji la uso juu ya meza. Mkutubi akaniuliza kama naumwa.

Mama alirudi nyumbani saa kumi. Ningeweza kumwambia pale pale. Barabara ya nje ilikuwa tupu, ndefu, imenyooka. Lakini Miwani alikuwa anakuja jioni! Kuna faida gani kufufua maiti bila watu? Nikasubiri. Nikapiga pasi shati.

Miwani alipofika nikasimama katikati ya sebule, nikatangaza kwamba nimeligundua tatizo na nitalimaliza mbele yao. Dada akaacha kutafuna. Nikawapeleka uani kama mwalimu anayepeleka darasa ziarani. Nikaeleza habari ya ndugu wawili na shuka moja. Mama akasema, "Kumbe hicho kijiti kina kazi?" Akautoa mkoba wake polepole, kama mtu anayemwomba radhi.

Hapo ndipo akauliza swali. Kiliingiaje, basi?

Nilikuwa sijajiandaa. Nikasema huenda ni uzito wa mkoba.

Mama akautazama mkoba. Akasema miaka yote hii, kumbe ni mimi mwenyewe. Nilitaka kumsahihisha, lakini hadhira ilikuwa inasubiri.

Mama kwenye usukani, mimi pembeni, mkono kwenye kijiti. Nikasema rivasi, mstari ulionyooka. Kosa moja tu nililofanya (kando ya yale mengine): uani kwetu hakuna mstari ulionyooka. Kuna banda, tangi la maji na Miwani. Yeye alikwenda kusimama nyuma kabisa akaanza kuongoza kama askari wa barabarani. "Njoo, njoo, njoo! Kata! Kata, mama mkwe, utaniua!" Mama akakata. Pikapu ikaruka kama mbuzi. Kuku wakapiga kelele. Mimi nikavuta, nikavuta, na kijiti kikakaa vile vile, kimekaza kuliko mwanzo.

Miwani akaja dirishani bila haraka. Akasema Profesa, magari hayasomi. Akaomba oili, akaimimina kwenye mzizi wa kijiti, nusu ikaingia kwenye kiatu changu cha shule. Akasema iachwe ilale, asubuhi itakuwa imelainika. Dada akampa taulo.

Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba kesho ni Ijumaa, akaingia bandani kuokota mayai. Alikuwa anayaokota taratibu sana.

Ningeweza kumwambia saa kumi. Barabara ilikuwa tupu.


Ijumaa, 14 Juni

Naandika haraka, mkono unanuka yai.

Mama aliniamsha alfajiri tupeleke mayai kabla ya shule. Trei mapajani, trei miguuni, trei nyuma zimefungwa kwa mashuka yetu yote. Tukaenda mwendo wa jeneza. Kona ya kwanza: kriii! Mama akafumba macho. Nikamwambia afumbue, anaendesha.

Nyuma ya hospitali kuna kichochoro kinachoingia stoo. Tulikuwa ndani yake tayari wakati lori la mitungi ya gesi lilipotokea mbele yetu. Dereva wake akatoa kichwa akasema yeye hawezi kurudi nyuma na mitungi ile, Mama arudi. Mama akavuta pumzi. Akaweka rivasi. Kichochoro kimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Sikufikiri. Nikapitisha mkono chini ya trei nikakishika kijiti. Mama akapiga kelele nisiguse kitu. Nikakirudisha kwa vidole viwili.

Klaki.

Hivyo tu! Laini kama kufunga kitabu. Lori lilipopita na Mama kukata kona ya kuingia stoo, pikapu ilizunguka kimya, nyepesi, na Mama akasimamisha gari akanitazama. Kisha akanikumbatia, trei na yote. Akasema, "Mwanangu, mwanangu, we mtoto!" Tangu nizaliwe sijawahi kuwa shujaa. Inachoma masikioni.

Mhudumu anayekaa na ufunguo wa stoo alikuwa hajafika. Tukazipanga trei kivulini, chini, nyuma ya gari la mzee mtunza stoo mwenyewe. Mzee akachuchumaa, akatikisa, akasikiliza, akalaza. Akainuka akasema yote mazima. Yote! Mama akaanza kujifuta macho na pembe ya shuka.

Hapa ningekaa kimya. Hapa shajara ingeisha vizuri.

Lakini Mama hakuweza kujizuia. Akamweleza mzee kila kitu: kijiti, ndugu wawili, shuka moja, jinsi mtoto wake alivyoitengeneza pikapu kwa kusoma kitabu. Mzee akaitoa kalamu sikioni. Akasema, ajabu, gari lake hili pia ni la fowili, na tangu alipotoka kwenye matope wiki iliyopita halitaki kona. Akaniuliza kama ni jambo kubwa.

Nikasema ni jambo dogo sana, mzee wangu. Nilisikia sauti yangu ikisema. Ilikuwa nzito, kama ya daktari.

Mzee akaketi kwenye usukani. Mimi nikaketi pembeni, mkono kwenye kijiti, macho kwenye kijiti, maana kitabu kinasisitiza kukisikiliza kijiti. Nikamwambia rivasi, mzee. Nyoosha. Polepole. Usikate hata kidogo.

Kwenye kioo nilimwona Mama akipunga mikono yote miwili na kurukaruka. Nikaona jinsi anavyojivunia. Nikampungia.

Kijiti kiliachia. Hilo nataka likumbukwe. Kiliachia vizuri kabisa, wakati ule ule ambapo matairi ya nyuma yalianza kutoa sauti ambayo si ya changarawe.

Kitabu hakikutaja popote kwamba uangalie nyuma. Labda ipo kwenye kurasa zilizoliwa na mchwa.

Mzee alishuka, akalizunguka gari, akatazama. Akakohoa. Kwa kuwa usukani ulikuwa mikononi mwake mwenyewe, hakujua amfukuze nani. Mwishowe akasema atapokea zilizobaki, na zilizokwenda Mama azilete Jumatatu pamoja na mzigo wa Jumatatu. Zote, kamili. Zikipungua, samahani, yupo yule mfugaji mwingine. Kisha akalijaribu gari lake kwenye kona ya mlango, likazunguka kimya. Akanitazama kwa namna ambayo sijui niiandikeje.

Njiani Mama hakutundika kitu kwenye kijiti. Mkoba aliuweka mapajani mwake.


Jumamosi, 15 Juni

Miwani amekuja mapema kusema kwamba ni ile oili. Usiku kucha ilikuwa ikifanya kazi, anasema, mimi nilikuta tayari. Dada akampa kiti. Nilitaka kumwambia kwamba kijiti hakilainiki kwa oili, kilichokibana ni vyuma kujinyonga. Nikaacha. Maana angeuliza kuhusu kijiti cha mzee, na yaliyowapata mayai.

Mama amepiga hesabu bandani asubuhi nzima. Kuku wetu, hata wakitaga kila mmoja kwa moyo mkunjufu, hawatafikisha mzigo wa Jumatatu na deni la jana. Amekwenda kwa jirani kuuliza kama ana mayai. Hana. Amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, anawatazama kuku, na kuku wanamtazama.

Nilikwenda kukaa naye. Nikamwambia Mama, kuna kitu. Akaniambia si lazima, anajua nilitaka kusaidia, na kwamba kosa la kwanza ni lake na mkoba wake. Ningesema pale. Maneno yalikuwa yamejipanga yote, ndege, radi, abiria. Lakini alinishika bega, mkono wake ulikuwa wa moto, nikasema tu pole.

Nimekaa nikatafakari kwa dhati kosa langu liko wapi. Nimelipata. Kosa langu ni dibaji. Kama ningekifungua kile kitabu moja kwa moja kwenye ukurasa unaohusika, pikapu ingepona Jumanne, na mengine yote yasingetokea. Sitarudia tena.

Kwa hiyo mchana nimeazima kwa jirani kitabu cha ufugaji wa kuku, na safari hii sikugusa dibaji wala sura ya kwanza. Nimekifungua katikati. Pale pale pamechorwa balbu! Kinasema kuku hutaga kwa sababu ya mwanga, na mwanga ukiongezwa, mayai huongezeka. Aya inayofuata inaanza na neno "Tahadhari", ni ndefu, nimeiruka. Kinashauri balbu ndogo. Tuna haraka, nimechukua kubwa.

Nimeichomoa chumbani kwa Dada. Nimepitisha waya dirishani, juu ya tangi, mpaka bandani, nikaifunga juu ya viota. Jua lilipozama nikawasha. Kuku wote wakasimama kwa pamoja. Nikafunga mlango wa banda, nikaingia ndani, nikapanga trei tupu mezani.